Rekodi ya mkopo humfaa zaidi asiye na hatimiliki

Ukimwambia mfanyabiashara wa soko la Kibuye, Kisumu, kwamba jina lake liko CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji, atashtuka, ingawa yeyote aliyewahi kukopa kutoka benki, hata kwa simu, hata akalipa kwa wakati, ana rekodi huko. Kanuni za mwaka 2013 ziliagiza benki ziwasilishe habari za wanaolipa vizuri pamoja na za wanaochelewa, na kwa habari hizo Metropol, mojawapo ya kampuni hizo, humpima mkopaji kwa alama kati ya 200 na 900.

Wanaoshauri watu wajiepushe kabisa na mikopo hii wana hoja. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na anayekopa hivyo mfululizo mwaka mzima analipa ada ya asilimia 90. Kukopa pesa usizozihitaji ili tu upate alama nzuri ni hasara. Tena, mama auzaye samaki aina ya ngege ambaye hajawahi kukosa mchango wa chama chake cha akiba, uaminifu wake hauonekani katika rekodi hizo.

Lakini ni mama huyohuyo anayeihitaji rekodi kuliko mtu yeyote. Shamba la Seme bado liko kwa jina la marehemu baba mkwe, gari hana, wala hati ya mshahara hana. Akienda benki kuomba pesa za friza, atajitetea kwa kitu gani? Mikopo ya shilingi 2,000 na 5,000 aliyoichukua kwa haja ya biashara, akairejesha kabla ya tarehe, humpa afisa wa mikopo jambo la kusoma mahali ambapo pangekuwa patupu.

Linalowaumiza wengi ni hesabu ya miaka 5 ambayo doa la kutolipa hukaa kwenye rekodi. Watu hukaa wakingoja deni lijifute, kumbe miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku deni linapolipwa. Aliyeshindwa kulipa shilingi 3,000 mwaka 2022, akazilipa 2025, atakuwa na doa hilo hadi 2030, ilhali angelipa mwaka uleule angeondokewa nalo 2027. Na katika muda wote huo wa kungoja, kila mkopeshaji anayechungulia anaona deni ambalo halijalipwa. Akishalipa, rekodi huonyesha hivyo, na hakuna sheria inayoikataza benki kumkopesha.

Kasoro ninayoiona kubwa zaidi iko kwenye taarifa. Mkopeshaji hutakiwa kumjulisha mteja siku 30 kabla ya kumripoti, lakini ujumbe ukitumwa kwa laini aliyoiacha zamani, atajua siku ya kunyimwa mkopo. Kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka, na akikuta deni asilolitambua anaweza kulipinga. Ni wachache sokoni wanaoijua haki hiyo, na benki zinazowatumia ujumbe wa kuwahimiza wakope zingeweza kuwaeleza katika ujumbe huohuo.