Kuvu ya matumbawe na kichupa cha seftriaksoni

Muuza dawa mmoja wa Kondele, hapa Kisumu, aliniuliza juzi: sisi watu wa ziwa tunatafuta dawa gani kwenye kuvu zinazoishi ndani ya matumbawe, huko pwani, Kisite na Watamu, wakati malaria inatumaliza hapa hapa? Hoja anayo. Lita kadhaa za maji yaliyokuziwa kuvu huweza kutoa miligramu chache tu za kemikali. Nyingi huwa zilishajulikana zamani, na nyingine, kama gliotoksini, huua seli za binadamu sawa na za bakteria.

Ila nyuma yake, kwenye rafu, palikuwa na seftriaksoni, dawa ya sindano ya kuua bakteria. Unga mweupe unaoelekea manjano. Muuguzi anatia maji, anatikisa kichupa, anavuta kwa sindano. Dawa hiyo ni kitukuu cha kuvu aliyoipata mtafiti Mwitalia Giuseppe Brotzu mwaka 1945 katika bahari ya Cagliari, kisiwani Sardinia, pale bomba la maji taka lilipomwaga. Si kwenye tumbawe, nakubali, pachafu zaidi. Dawa ya kwanza ya ukoo huo iliingia sokoni 1964. Miaka 19! Mtoto aliyezaliwa siku Brotzu anachota yale maji alikuwa keshaota ndevu. Halafu tunadai maabara zetu zitoe dawa katika mradi wa miaka mitatu.

Tumbawe halikimbii adui, na kuvu iliyomo hugombania nafasi na bakteria kwa kemikali. Ikikuzwa peke yake maabara hunyamaza; ichanganywe na bakteria, au ibadilishiwe chumvi, hutoa vitu ambavyo haikuvitoa mwanzo. Na inakuzwa, jambo ninalolipenda kuliko yote. Kipande cha ukubwa wa ukucha kikishachukuliwa, kazi inahamia kwenye chupa, mwamba hauguswi tena. Waliopita msitu wa Kakamega wanajua kinyume chake: mti wa mwiritsa uliochunwa magome kwa ajili ya dawa ya tezi dume, ukakauka umesimama.

Hofu ya umiliki siipuuzi. Vijidudu vya Ziwa Bogoria vilivuka ng'ambo, vikazaa vimeng'enya vya biashara, na ugomvi wa mgao wa faida ukafuata. Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya viumbe vya nchi nyingine, inataka ruhusa na mgao vikubaliwe mapema. Nilipomweleza, muuza dawa akauliza karatasi hizo zitakaa wapi, Mombasa au Nairobi. Kisumu hata hakuitaja.