Lafrenière si galasa, alicheleweshwa

Juzi nimesoma tena mtu akimwita Alexis Lafrenière, mchezaji wa hoki ya barafuni, galasa. Eti aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 2020, pale timu za ligi ya NHL zinapochagua vijana kwa zamu, alitakiwa awe nyota siku ile ile, na kwa kuwa hakuwa, basi kipaji hakikuwepo. Imeniudhi sana, maana wanaosema hivyo humtazama mchezaji tu, benchi la ufundi hawaligusi.

Msimu wake wa mwisho kule Rimouski, timu ya vijana ya Kanada, kijana alipata pointi 112 (mabao na pasi za mabao) katika mechi 52. Akatua New York Rangers akiwa winga wa kushoto, na kushoto tayari walikuwepo Artemi Panarin na Chris Kreider. Basi akawekwa laini za chini, yaani makundi ya washambuliaji watatu wanaopewa dakika chache, na wapinzani wakibaki pungufu barafuni kwa adhabu wanaingia wakubwa, yeye anabaki kukaa. Kocha David Quinn alianza hivyo, mrithi wake Gerard Gallant akaendeleza. Misimu mitatu ya kwanza: pointi 21, kisha 31, kisha 39. Mwishoni mwa Desemba 2022 Gallant akamwacha nje kabisa ya kikosi kwenye mechi dhidi ya Tampa.

Dawa ilikuwa kumhamishia kulia. Walimjaribu huko, mambo yakienda kombo wanamrudisha. Na hapa ndipo hasira zangu zilipo. Lafrenière anapiga kwa kushoto. Akiwa winga wa kulia na timu inashambulia, bapa la fimbo yake linatazama katikati, pasi ikifika anaifyatua papo hapo. Lakini timu ikiwa kwenye eneo lake inatafuta kutoka, paki (kisahani kinachochezewa) inakuja ikiambaa ukutani, inabidi aipokee kwa mgongo wa fimbo huku beki anamjia mbio kumbana. Hapo paki zinapotea, kwa yeyote. Kuzoea kunataka upoteze, kisha kocha akurudishe barafuni zamu inayofuata. Kijana anayejua kwamba kosa moja linamkalisha hathubutu kitu: anafika mstari wa buluu wa kuingilia eneo la wapinzani, anaitupa paki kwenye kona, anatoka. Halafu kocha huyo huyo anasema dogo hana ubunifu!

2023 akaja kocha Peter Laviolette, akamweka kulia, laini moja na Panarin, na akamwacha hapo. Mabao 28, pointi 57, tena mabao 8 katika mechi 16 za mtoano. Miaka mitatu kipaji hicho kilikuwa palepale.

Haya, kocha anaishi kwa ushindi, na Gallant aliifikisha timu fainali ya kanda ya Mashariki 2022. Nakubali pia kwamba msimu wa 2024-25 Lafrenière alishuka hadi pointi 45 chini ya Laviolette yule yule, na sehemu ya lawama ni yake mwenyewe.

Ila asiniambie mtu kwamba hii ni habari ya kijana mmoja. Kaapo Kakko, wa pili kwenye drafti ya 2019, Gallant alimwacha nje mechi ya sita dhidi ya Tampa katika fainali hiyo ya kanda, mechi ambayo Rangers walitolewa wakiwa wamefunga bao moja tu. Desemba 2024 akaachwa nje tena, safari hii na Laviolette, akalalamika hadharani, muda mfupi baadaye akahamishiwa Seattle. New York msimu huo alikuwa na pointi 14 katika mechi 30. Seattle wakampa dakika, akapata 30 katika mechi 49.