Betri haikuisha, wewe hukuichaji

Nianze na usiku mmoja wa mafunzo, wiki ya nane au ya tisa sikumbuki vizuri. Tuko kwenye zoezi la usiku, doria ya watu tisa, inabidi tutoke pointi moja twende nyingine gizani bila tochi na mimi ndo nimebeba redio. Ukiwa kuruta kubeba redio ni sifa kidogo, unajiona na wewe mtu. Tumefika katikati ya njia koplo akataka kuongea na kambi, nikampa, akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena. Kale kataa kadogo ka kijani hakawaki kabisa. Akanigeukia akaninong'oneza, "vipi?" Na mimi bila hata kupepesa macho nikamjibu, "betri imeisha afande."

Tulikaa chini ya miti masaa mawili na nusu mpaka wakatufuata, na kombania nzima ikachelewa kumaliza zoezi kwa sababu yetu.

Asubuhi luteni akatupanga mstari, akauliza swali moja tu, kilitokea nini. Nikasema leo nimekwisha. Nimeshapanga moyoni maneno yangu yote, kwamba betri zile ni za zamani, kwamba chaja zilikuwa zimejaa, kwamba aliyenikabidhi redio hakunambia kama haijachajiwa, na ukweli ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli! Kabla sijafungua mdomo koplo akapiga hatua moja mbele akasema, "Ni mimi afande. Sikukagua redio kabla ya kutoka." Basi. Hakunitaja. Hakunigeukia hata kwa jicho. Luteni akamuuliza, "Sasa?" Akajibu, "Kuanzia leo nakagua kwa mkono wangu, kila mtu, kabla hatujatoka." Akaongezewa lindo siku mbili, saa nane mpaka saa kumi usiku, na nilimuona kwa macho yangu akiamka anavaa buti gizani anaenda kukaa kwenye baridi kwa kosa langu. Wallahi ningepigishwa pushapu mia mbili ningelala usingizi mzuri kuliko usiku ule.

Siku ya pili yake ndo akaniita pembeni. Nikajua sasa ndo yanakuja. Hakupandisha sauti hata kidogo. Akanambia, "Betri haiishi yenyewe. Betri haikuisha, wewe hukuichaji. Hebu sema." Nikasema, "Betri haikuchajiwa afande." Akatikisa kichwa. "Haikuchajiwa na nani?" Ilinichukua kama mara nne hivi mpaka nikaitoa ilivyo, *sikuichaji betri*. Maneno mawili tu lakini yalikuwa mazito kuyatoa utafikiri nimebeba jiwe mdomoni.

Miaka imepita na bado nalifikiria lile somo, na siku hizi naona kama lilikuwa somo la sarufi zaidi kuliko la kijeshi. Angalia tunavyoongea. Kiswahili chetu kina mlango wa nyuma mzuri sana, kale ka *-ika* na wenzake. Glasi imevunjika, gari limeharibika, hela zimepotea, imesahaulika, imeshindikana. Mtoto wa miaka minne ukimuuliza nani kavunja kikombe anakwambia kimevunjika, hajaenda shule lakini mlango keshaujua. Tukikua tunauhamishia kazini, ripoti imechelewa, mawasiliano yalikatika, kuna changamoto zilijitokeza. Hizo changamoto nazo, zilijitokeza zenyewe tu kama uyoga.

Usije ukadhani ni tabia yetu peke yetu. Juni 1944 jenerali wa Marekani Dwight Eisenhower ndo alikuwa kamanda mkuu wa majeshi ya washirika yaliyokuwa yanajiandaa kuvuka bahari kutoka Uingereza kuingia Ufaransa, pwani ya Normandy. Tarehe 5, siku moja kabla ya wanajeshi kushuka ufukweni, alikaa akaandika kikaratasi kwa mkono, cha kutoa endapo mambo yangeenda vibaya. Na inaonekana kichwa kilikuwa kimechoka maana tarehe aliyoandika ni Julai 5 badala ya Juni. Kile kikaratasi kipo mpaka leo na mimi kinachonivutia zaidi ni alichokifuta. Kwanza aliandika vikosi vimeondolewa, akakata, juu yake akaandika nimeviondoa vikosi. Sehemu nyingine alianza na operesheni hii, akakata, akaweka uamuzi wangu wa kushambulia. Mwishoni akaandika kwamba askari walifanya yote ambayo ushujaa ungeweza kufanya, na kama kuna lawama ni yake peke yake, na yale maneno ya peke yake akayapigia mstari chini.

Umeona lakini? Hata yeye kalamu ilikimbilia kwanza *vimeondolewa*. Kwa hiyo wale wanaosema kuwajibika ni kipaji cha kuzaliwa nacho mi siwaelewi, mtu mwenye nyota zote zile mabegani ilibidi afute aandike upya. Kikaratasi hakikuhitajika, majeshi yalishuka yakashika pwani, na yeye akakaa nacho kwenye pochi wiki kadhaa mpaka msaidizi wake akakiona. Kingine, aliandika *kabla*. Baada ya mambo kuharibika kila mtu ni hodari wa kutafuta maneno, yeye lawama alishazibeba hata boti hazijagusa mchanga.

Sasa hapa kuna kitu watu wanakichanganya na kinaniudhi. Wanasikia habari za jeshi wanadhani kuwajibika maana yake ni kukaa kimya usijieleze. Pale West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani kilichoanzishwa 1802, kuna utaratibu wa zamani kwamba mwanafunzi mgeni akiulizwa na mkubwa wake ana majibu manne tu. Ndiyo afande, hapana afande, sina kisingizio afande, na la nne, sijaelewa afande. Hilo la tatu ndo maarufu, wanaohubiri uongozi wanalipenda kweli kweli. Mimi nalipenda zaidi la nne, maana ukitaka kupima kikosi au ofisi angalia kama mtu wa chini kabisa anaweza kusimama mbele ya watu akasema *sijaelewa* na asichekwe. Mimi ile redio nilikabidhiwa harakaharaka, ile chaja nilikuwa siijui vizuri, na niliona aibu kuuliza. Kosa lilianzia pale, usiku ule wa doria lilijitokeza tu. (Haya, nami nimeshasema lilijitokeza. Nililifanya pale.)

Na kisingizio sio maelezo. Kisingizio kinakuja kukuondoa wewe kwenye picha, maelezo yanakuja kusaidia lisirudie. Maneno yanaweza kuwa yaleyale kabisa, tofauti ni yanakuja kabla au baada ya *ni mimi*. Ukianza na chaja zilikuwa zimejaa, unakimbia. Ukianza na sikuichaji, halafu ukasema chaja zilikuwa zimejaa kwa hiyo tunahitaji zamu ya kuchajia, hapo umemsaidia na atakayekuja. Jeshi hilohilo la Marekani toka miaka ya sabini na themanini limejijengea kawaida ya kukaa chini kila baada ya zoezi, mkubwa na mdogo, wanajiuliza tulitaka nini kitokee, kimetokea nini, kwa nini, na kesho tunafanyaje. Kikao kile hakitafuti wa kuadhibiwa, na kikipoteza hiyo sifa kinakufa, kwa sababu watu wakishajua mwisho wa kikao kuna mtu anafungwa wataanza tena na yale ya *iliharibika*.

Maana na jeshi lenyewe lina madoa yake hapa, tusidanganyane. Julai 30, 1945 nyambizi ya Japani iliipiga meli ya kivita ya Marekani USS Indianapolis, meli ikazama ndani ya dakika kama kumi na mbili. Ilikuwa na watu karibu 1,200. Walioweza kuruka walikaa majini siku karibu nne, na papa humohumo, na nchi kavu hakuna aliyeshtuka kwamba kuna meli haijafika, wakaonekana kwa bahati na rubani aliyekuwa anapita. Walionusurika ni 316. Kapteni wa meli, Charles McVay, alifikishwa mahakama ya kijeshi akakutwa na hatia ya kuhatarisha meli kwa kutokwenda zigizaga, yaani kupindapinda ili isilengwe kirahisi, pamoja na kwamba kamanda wa ile nyambizi ya Japani aliletwa kutoa ushahidi akasema zigizaga isingesaidia kitu. Bunge la Marekani lilikuja kumsafisha jina mwaka 2000, na mwenyewe alishafariki toka 1968.

Hii habari huwa naikumbuka kila nikisikia bosi anasema "lazima kuwe na mtu wa kuwajibishwa". Kuwajibika na kuwajibishwa ni neno moja na wala sio kitu kimoja. Koplo wangu alipiga hatua mbele mwenyewe, McVay alisukumwa mbele na watu waliobaki nyuma yake. Lawama ikitoka chini inapanda juu inajenga, ikitoka juu inashuka mpaka impate mnyonge inaozesha, na walio chini wanajifunza haraka sana kutoshika kitu chochote kinachoweza kuvunjika.

Kuhusu nidhamu sasa, maana ndo watu wengi wanaitaka wakinisikia nilipitia jeshini. Kaka wewe ulifundishwa kuamka saa kumi na moja, nipe siri. Siri hakuna bana. Nikwambie tu ukweli ambao si wa kujivunia: nilipomaliza na kurudi uraiani nidhamu yangu ilidumu wiki tatu. Tatu! Mimi niliyekuwa natandika kitanda shuka limenyooka kama karatasi, wiki ya nne nalala mpaka saa tatu asubuhi na nguo ziko kwenye kiti. Nilichanganyikiwa kidogo, nikajiuliza yale yote yamekwenda wapi, ndo nikagundua haikuwa yangu, ilikuwa ya filimbi. Filimbi inalia unaamka, sajini anakuja unatandika. Filimbi ikinyamaza unabaki na wewe ulivyo. Kambini wanakupa nidhamu ya kuitii, ile ya binafsi unaanza kuitafuta siku unayorudisha kombati.

Nilichokuja kuokota baadae ni kitu kimoja cha kijinga kabisa. Kule tulifundishwa kila kifaa kina mfuko wake na kinakaa hapohapo, siku zote, mfuko wa kushoto juu dira, chini yake bandeji, kulia kamba, na mafunzo mengine tulikuwa tunafanya macho yamefungwa, unaambiwa toa bandeji, mkono unaenda wenyewe. Wakati ule niliona ni usumbufu tu wa wakubwa. Kumbe maana yake ni kwamba ukiwa umechoka, unaogopa, mvua inakunyeshea, hutakuwa na akili ya kuamua, kwa hiyo amua sasa hivi ukiwa mkavu. Nidhamu wengi wanadhani ni kukaza meno, yaani mtu mwenye nidhamu kila siku anashindana na nafsi yake na anashinda. Mi naona ni kinyume, anayeshindana kila asubuhi atashindwa tu asubuhi moja. Mwenye nidhamu kapunguza mashindano, keshaamua jana. Nguo za mazoezi nimeziweka mlangoni usiku, simu inalala chumba kingine, na orodha ya kesho naiandika leo kabla sijafunga kompyuta. Na bado nateleza, mwezi uliopita nimeteleza siku sita mfululizo, wala sio kwamba *imetokea tu*.

Halafu kuna hawa viongozi wa ofisini wanaopenda lugha za kijeshi bila ya kambi yenyewe, timu wanaiita kikosi, kikao ni operesheni, wakichelewa wengine ni utovu wa nidhamu wakichelewa wao walikuwa na majukumu. Luteni wetu alikuwa mkali sana, lakini sikuwahi kumuona ametupeleka mbio asizokimbia yeye. Ukali bila hiyo ni kelele tu na watu wanakuogopa mpaka ukifika kona, ukipinda tu wanakaa chini.

Mimi nina watu wanne chini yangu sasa hivi. Wiki iliyopita kuna kazi ya mteja ilikuwa itoke jumatano haikutoka, na aliyeshika ile sehemu ni kijana wetu mgeni, alikwama siku mbili akaona aibu kuuliza. Namjua huyo kijana, nimeshawahi kuwa yeye na redio mgongoni. Nikakaa kumwandikia mteja meseji. Nikaandika, *kumetokea ucheleweshaji kidogo upande wetu*. Nikaiangalia. Nikafuta. Nikaandika, *kazi haikukamilika kwa wakati*. Nikafuta tena. Ya tatu ndo niliyotuma, *sikufuatilia kazi yako toka jumatatu, ndo maana hujaipata.*

Akajibu baada ya kama dakika mbili hivi, neno moja tu na alama ya kuuliza. "Lini?"

Nikamwambia ijumaa saa sita, halafu nikavuta kiti nikaenda kukaa na kijana.