"Haijathibitishwa" imekuwa mwamvuli

Kuna sentensi ambayo vyumba vyetu vya habari vimeizoea kupita kiasi: "Hatukuweza kuthibitisha video hii." Husomwa harakaharaka huku video yenyewe ikiendelea kuonyeshwa, na mtazamaji hubaki na alichokiona, si na kile alichosomewa. Sikatai kwamba sentensi hiyo mara nyingi ni ya kweli. Ninachokataa ni jinsi ilivyogeuzwa mwamvuli wa kujikinga, kana kwamba kusema hujathibitisha kunakuondolea wajibu wa kueleza ulichojaribu kukichunguza na mahali ulipokwama.

Tukumbuke yaliyotokea Iran. Tarehe 20 Juni 2009, katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa rais, Neda Agha-Soltan alipigwa risasi mjini Tehran, na video ya dakika zake za mwisho ikaenea duniani kwa muda wa saa chache. Video ilikuwa ya kweli. Kosa lilitokea pale watu walipoanza kutafuta picha ya uso wake akiwa hai, kwani waliingia Facebook wakakuta picha ya mhadhiri wa chuo kikuu ambaye jina lake la kwanza ni hilohilo na la ukoo linakaribiana na la marehemu. Vituo vikubwa vya televisheni viliirusha picha hiyo, magazeti yakaichapa, waandamanaji wakaibeba juu. Mhadhiri yule aliandika kuomba irekebishwe, na familia ya marehemu ikatoa picha halisi, lakini uso usio wake uliendelea kuzunguka. Kisha maofisa wa usalama wa Iran wakataka kumtumia mhadhiri huyo kama ushahidi kwamba Neda hakufa. Hatimaye aliikimbia nchi yake na kupewa hifadhi Ujerumani. Haya yote yalimpata kwa sababu hakuna aliyesita kuuliza: tumejuaje kwamba huyu ndiye?

Miaka miwili baadaye, wakati wa maasi ya nchi za Kiarabu, Andy Carvin wa NPR, redio ya umma ya Marekani, alifanya jambo ambalo wahariri wengi waliliona la aibu: aliuliza hadharani. Alikuwa mbali sana na Cairo na Tripoli, lakini alikuwa na maelfu ya wafuasi kwenye Twitter. Ilipoletwa picha ya kombora lililookotwa Libya, likiwa na alama ya nyota, ikadaiwa kuwa ni silaha ya Israeli. Carvin hakuusambaza uvumi ule kisha akajifunika na neno "haijathibitishwa"; aliwarudishia wafuasi wake picha ikiwa swali. Watu wenye ujuzi wa silaha walichunguza wakabaini kwamba nyota ile haikuwa na uhusiano wowote na bendera ya nchi, bali ni alama inayowekwa kwenye mabomu ya kuangaza, yale yanayorushwa usiku ili kumulika uwanja wa vita.

Swali lake lililozaa matunda makubwa zaidi lilikuwa jepesi kuliko hilo. Mwanzoni mwa mwezi Juni 2011, dunia ilikuwa ikimlilia Amina, msichana wa Damascus aliyekuwa akiandika blogu kuhusu maisha yake na maandamano ya Syria, na ambaye ilidaiwa kwamba alikuwa ametekwa na watu wenye silaha. Carvin aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kukutana naye ana kwa ana. Hakupatikana hata mmoja, na mwanamke wa Kanada aliyejiona kuwa mpenzi wake alikuwa akimjua kwa maandishi ya mtandaoni tu. Picha zilizodaiwa kuwa za Amina zilikuwa za mwanamke mwingine anayeishi London. Tarehe 12 Juni mwandishi halisi alijitokeza: alikuwa mwanamume wa Kimarekani wa miaka 40, mwanafunzi mjini Edinburgh. Kabla ya hapo gazeti lenye heshima zake lilikuwa limekwisha kuchapisha mahojiano na "Amina".

Nisijifanye mjuzi. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, mjomba wangu alinitumia kwenye WhatsApp video ya vijana wakikimbizwa katika moshi, chini yake pameandikwa "Kenyatta Avenue sasa hivi". Niliituma kwenye makundi mawili. Nilipoitazama mara ya tatu ndipo nilipogundua kwamba magari yalikuwa yakienda upande wa kulia wa barabara. Nimeendesha gari upande wa kushoto maisha yangu yote, na jambo hilo lilinipita. Nilirudi kwenye makundi yote mawili kukanusha, ila video ilikuwa imekwisha kuvuka hadi makundi nisiyoyajua. Na kwa kuwa WhatsApp huziondoa taarifa zinazofichika ndani ya picha, kama vile mahali na saa ilipopigwa, hakuna ambaye angeweza kunipa taarifa hizo isipokuwa yule aliyeipiga.

Video za kweli za siku ileile zilihitaji subira ya namna nyingine. Kikosi cha habari za uchunguzi cha BBC Africa Eye kilichambua zaidi ya picha na video 5,000, kikizipanga kwa saa na kwa mahali aliposimama kila aliyeshika kamera, na ripoti yake kuhusu waliofyatua risasi nje ya Bunge ilitoka mwezi Aprili 2025. Miezi kumi! Sidai kwamba taarifa ya saa moja usiku isubiri miezi kumi. Ninachodai ni kidogo kuliko hivyo. Mtangazaji angeweza kusema: "Jengo linaloonekana ni la Bunge, kwa hiyo mahali tunapajua, saa hatuijui, aliyepiga video tumezungumza naye kwa simu, na jina lake hatulitaji kwa usalama wake." Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti huku nikitazama saa. Imechukua sekunde kumi na tano.