Betri ya kuchomoa na simu inayokufa ikiwa nzima

Wiki hii nilimsindikiza dada yangu kwa fundi, Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo. Simu yake ilikuwa imeanza kuinuka mgongoni. Fundi aliipasha kwa hita hadi gundi ikalainika, akapenyeza kipande cha plastiki chembamba ukingoni, akawa anakizungusha taratibu kama anayemenya yai. Ndani, betri ilikuwa imevimba kama andazi. Kioo kilikuwa kizima, kamera nzima, nafasi ya kuhifadhi bado tele. Kilichochoka ni betri peke yake. Kazi ilichukua karibu saa nzima na kioo cha nyuma kikapata ufa pembeni. Kwenye kitochi changu ningeimaliza kwa ukucha wa kidole gumba.

Wanaosema betri ya kuchomoa imepitwa na wakati wana hoja. Zamani tulibeba betri ya pili mfukoni, nyingine tukaiacha nyumbani kwenye chaja ya kobe, kwa sababu simu janja za mwanzo zilikata chaji saa nane mchana. Leo betri ya mAh 5000 inakufikisha usiku, chaja ya haraka inakuokoa ndani ya nusu saa, na powabenki zipo kila kona. Halafu betri ya kuchomoa lazima ivae ganda gumu ili isitobolewe na funguo au kukunjwa na vidole, na ganda hilo linakula nafasi ambayo ingejaa umeme. Hayo yote ni kweli. Betri ya akiba ya mfukoni siidai tena.

Ila hilo ni jibu la swali la saa nane mchana. Dada yangu ana swali la simu iliyofika mwaka wa tatu.

Betri ya lithiamu inazeeka hata ikilala kabatini, na joto linaiharakisha. Apple inashauri iPhone itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Mtazame dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari: simu imefungwa kwenye usukani, jua la saa saba linaipiga usoni, ramani imewashwa, na waya wa chaji umechomekwa. Ile ni simu ya kazi, na kifaa chake kinachooza haraka kuliko vyote ndicho kilichogandishwa kwa gundi.

Utaambiwa gundi ni kwa ajili ya maji. Galaxy S5 ya Samsung, ya mwaka 2014, ilikuwa na mfuniko wa plastiki wa kubandua kwa kidole, betri ya kuchomoa, na kiwango cha kuhimili vumbi na maji cha IP67: mita 1 ya maji kwa dakika 30. Mwaka uliofuata ikaja Galaxy S6, betri imefungiwa ndani, na kiwango hicho hakikuwepo tena. Mwaka 2022 Samsung hiyohiyo ikatoa XCover6 Pro, betri inachomoka, na kiwango cha juu zaidi, IP68. Kwa hiyo utaalamu upo. Mfuniko wa namna hiyo unanenepesha simu kidogo, nakubali, na kioo cha nyuma kinapendeza kuliko plastiki.

Kuna jambo ambalo nimelifikiria sana. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kuwa betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Matsushita, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Milioni 46! Mwenye simu alichomoa betri, akasoma namba, akapewa nyingine bure, na simu ikabaki mkononi mwake. Septemba 2016 ikawa zamu ya Galaxy Note 7, zilizokuwa zikiwaka moto. Simu kama milioni 2.5 zikaitwa kiwandani zikiwa nzima-nzima, na mwezi uliofuata toleo lote likafutwa. Samsung yenyewe ilisema Januari 2017 kwamba kosa lilikuwa la betri. Ni kweli betri za simu zilizotolewa badala ya zile za kwanza nazo zilikuwa mbovu, ila zingechomoka, zingerudishwa betri tu. BL-5C hadi leo inauzwa mtaani na inaendesha redio ndogo za mkononi.

Na pesa ipo hapa. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka. Kwa kutuliza wateja, mwaka 2018 ikashusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Januari 2019 Tim Cook, aliyekuwa mkuu wa Apple, akawaandikia wenye hisa kueleza kwa nini mapato yamepungua, na miongoni mwa sababu akataja watu waliobadilisha betri kwa bei hiyo nafuu. Mtu akipata betri mpya, haoni haja ya simu mpya.

Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Kwa simu, mlango umeachwa wazi: betri ikibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000 ya chaji, na simu isipitishe vumbi wala maji, kampuni inaruhusiwa kuendelea kuifungia. Ni kipimo cha maana, lakini kinapimwa maabara, mbali na ule usukani wa bodaboda. Na simu zilizotumika Ulaya na Dubai ndizo tunazonunua sisi, zikifika na betri iliyokwisha kula mizunguko yake.

Kuhusu betri feki, hofu ni ya haki, zimejaa. Lakini feki inaingia hata kwenye simu iliyofungwa, tena huko mteja haioni. Dada yangu alikaa kwenye stuli nje ya kibanda. Hajui ni betri gani iliyowekwa. Fundi alipaka gundi mpya, akaibana simu kwa raba za bendi, akamkabidhi na onyo moja: tangu leo, dada, usiipeleke karibu na maji.