Mtamba si Mdoli

Swali la kwanza la anayeanza kufuga ng'ombe huwa lile lile: nimpe nini azoee upesi? Na mara nyingi muulizaji ana jibu lake tayari, ndoo ya pumba. Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, akisikia ndoo inagongwa anakuja mbio, mwenyewe anachekelea, picha zinapigwa, na haipiti muda anatangazwa kuwa mpole. Mimi nabisha. Aliyekimbilia ndoo kazoea ndoo. Mfuate mikono mitupu, au umeshika kamba, au daktari yuko nyuma yako na sindano, ndipo utajua kama kakuzoea wewe.

Tatizo letu ni kwamba tunamzoesha mtamba kwa raha zetu za leo. Huyu anayekulamba mkono, akipandishwa na kuzaa atakuwa na uzito wa kilo mia kadhaa, kiwele kimejaa na kinauma, ndama anamhangaisha, na wewe umechuchumaa ubavuni kwake kichwa kikiwa usawa wa kwato. Kila ninachomfundisha mtamba nakipima kwa siku hiyo. Kisichosaidia siku hiyo, mara nyingi ni mchezo tu.

Kama bado hujanunua, nunua wawili. Ng'ombe ni mnyama wa kundi, na akiwa peke yake hulia, huzunguka ukuta wa zizi na kukosa utulivu wa kucheua. Huwezi kumfundisha kitu mnyama aliye katika hali hiyo. Na kabla ya kutoa pesa, uliza kama alizaliwa pacha na dume. Mtamba wa namna hiyo, zaidi ya tisa kati ya kumi ni tasa, kwa kuwa wakiwa tumboni damu zao huchangamana na homoni za dume huharibu uzazi wa jike. Utamlea kwa mapenzi yote na hatazaa. Wakifika, wakae mbali na ng'ombe wengine wiki tatu hadi nne, ugonjwa waliokuja nao ujitokeze huko huko.

Sasa kumkaribia. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa ya mkia wake. Ndiyo maana anayetokea nyuma kimyakimya hupigwa teke, halafu anasema mnyama ni mkorofi. Nenda kwa ubavuni, usawa wa bega, ukiongea kwa sauti ya chini. Utafika mahali atainua kichwa, masikio yote mawili yakuelekee, na uzito wake uhamie miguu ya nyuma. Hapo ndipo mpaka wake ulipo. Simama. Usimkodolee macho. Akishusha kichwa, rudi hatua moja nyuma, hata kama ungeweza kusogea. Watu wengi hii inawashinda, maana wanaona wanapoteza walichopata. Lakini mtamba anajifunza kwamba akitulia, unampa nafasi. Ukirudia hivyo, mpaka wake unasogea, hadi siku anyooshe shingo, akunuse mkononi na kupumua kwa nguvu. Mwache anuse. Usimrukie kumshika.

Mahali pa kumkuna ni chini ya taya, shingoni na kwenye shina la mkia. Ng'ombe wenyewe hulambana kichwani na shingoni. Paji la uso usiliguse kabisa. Ndama akisuguliwa paji husukuma, watoto wakacheka, wakamsugua tena. Ng'ombe kwa ng'ombe, kusukumana vichwa ni kupimana nguvu, na wewe ndiye umemwalika. Akiwa na kilo 80 inafurahisha. Akifika 400 anavunja mbavu.

Kutoka shingoni, mkono uteremke siku hadi siku: mgongo, ubavu, paja, mguu, kisha kiwele na chuchu, ingawa hakuna maziwa ya kukamua. Akiinua mguu, usiondoe mkono haraka. Ubaki umetulia hadi mguu urudi chini, ndipo uondoe. Ukikimbia kila anapoinua mguu, umemfundisha kwamba teke linafanya kazi. Katika haya yote, hiki ndicho ningebaki nacho kama ningeambiwa nichague kimoja.

Kamba ya kichwani ije baada ya mkono kukubalika. Mfunge kwenye nguzo imara, usawa wa macho yake, kamba fupi asiweze kuikanyaga, kwa fundo linalofunguka ukilivuta mara moja, na usimwache peke yake. Unapomwongoza, usizungushe kamba kiganjani hata siku moja. Akitimka anaondoka na vidole. Vuta kidogo, subiri, na papo hapo anapopiga hatua legeza. Kulegeza ndiko kunakomfundisha. Anayevuta mfululizo anashindana na mnyama mwenye miguu minne, na mshindi anajulikana.

Fimbo sina maneno mengi nayo. Ng'ombe akishtuka sana huchukua dakika 20 hadi 30 moyo urudi kwenye mapigo ya kawaida, kwa hiyo somo lililoharibika achana nalo, urudi baadaye. Pia anawatofautisha watu, na mahali alipoumizwa anapakumbuka. Sindano na kukata pembe vifanyike mbali na hori lake, na ikiwezekana mkono unaomlisha usiwe ndio unaomuumiza. Pembe zenyewe, kama unataka kuziondoa, ziondolewe mapema, kabla ndama hajafika miezi miwili, na kwa ganzi.

Upande wa chakula, mapenzi ya mfugaji mpya ndiyo yanayoharibu. Anamwonea huruma mtamba, anamwongezea pumba na nafaka, anamnenepesha. Mtamba akinenepa kupita kiasi kabla ya kupevuka, kiwele kinajaa mafuta mahali ambapo zingekaa tezi za maziwa. Akidhoofu nako, joto, yaani kutaka dume, linachelewa. Kukadiria uzito wake, tumia utepe wa kupimia kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, kila mwezi. Kwa mitamba wa aina kubwa za ng'ombe wa maziwa, ongezeko la gramu 700 hadi 800 kwa siku linatosha. Majani mazuri yawe ndio msingi, maji safi na madini ya kulamba visikosekane. Ukibadilisha chakula, badilisha taratibu kwa wiki moja hadi mbili, vijidudu vya tumboni vizoee, na usimtoe na njaa kwenye mikunde mibichi yenye umande. Ukiona ubavu wa kushoto umevimba na kubana, mwite daktari hapo hapo.

Kumpandisha, watu huhesabu miezi. Angalia uzito kwanza: awe amefika walau asilimia 55 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo kuahirisha mzunguko mmoja au miwili si hasara ya kukunyima usingizi. Kuzalisha mtamba mdogo ndiyo hasara. Na kwa mimba ya kwanza chagua dume anayejulikana kwa kutoa ndama wadogo, hata kama jirani anasifia dume mkubwa zaidi.

Mimba ni siku 283 hivi. Wiki chache za mwisho mpitishe kila siku kwenye sehemu ya kukamulia, asimame, ale kidogo, aguswe, asikie mlio wa ndoo au mashine, atoke. Akishazaa, akikataa kusimama, usikimbilie kumfunga miguu. Mzao wa kwanza mara nyingi kiwele huvimba kwa maji, na uvimbe huo unauma. Tazama chuchu kama zina nyufa au joto lisilo la kawaida, kisha mkande kwa maji ya uvuguvugu, na akamuliwe na yule yule aliyemzoesha kuguswa.