Sikufukuzwa na bakora

Kwanza tuweke hili sawa, sikufukuzwa na bakora. Bakora ilikuweko ndio, imeegemea ukuta pale kwenye viatu, lakini hakuna mtu aliyeigusa. Nasema hivi kwa sababu kuna ndugu yetu mmoja, mwamjua, nilimchukua mwenyewe kwenye ujumbe wa posa nikidhani ni mtu mzima, na kabla mie sijavua kanzu voisi yake ilikuwa ishazunguka grupu tatu. Leo asubuhi muuza mahamri amenifungia mbaazi zangu akanambia "chukua, meretricious." Na yuatamka vizuri kuniliko.

Sasa sikizeni kutoka kwa mwenyewe.

Babake yule dada niliyekwenda kumposa alikuwa mwalimu wa Kiingereza mpaka akastaafu. Si Kiingereza cha "how are you fine", la, ni mtu ambaye hata akikuitikia salamu wasikia nukta na mkato. Mie sekondari Kiingereza nilipita kwa dua za mama. Ndipo nikajiambia wenzangu wakienda kwa wakwe wabeba sukari na mchele, mie ntabeba msamiati. Nikashusha programu ya simu, kila siku yakupa maneno kumi magumu, neno juu, maana chini. Wiki sita nzima. Hesabu hiyo ni maneno 400 na ushei, profesa mzima huyo mwaona.

Tatizo ni pale nilipokuwa nasomea. Mie nakaa Likoni, duka liko ng'ambo, kwa hivo darasa langu lilikuwa ni feri. Na feri mwaijua. Mumebanwa kama dagaa kwenye kopo, mkono mmoja umeshika simu juu ya vichwa vya watu, mwingine umeshika mfuko usichomolewe, nyuma mtu akusukuma kwa baiskeli. Maana za Kiingereza nazo, sikujua hili mpaka juzi, zina mkia. Mwanzo yakwambia kitu hivi, halafu yaweka "but", na baada ya hiyo "but" ndipo penye mambo. Mie nilikuwa nasoma kichwa, nikifika shingoni mlango washuka, watu huraa, natoka mbio. Maneno 400 yote ya vichwa bila miili.

Mengine hata kichwa sikusoma. Enervated kwa mfano, niliiona tu ikanijia energy, nikasema haya, huyu ni mtu aliyepata nguvu, lingine. Pulchritude hili nililisoma lote mpaka mwisho, maana yake ni uzuri, uzuri mtupu, hauna "but" wala nini. Lakini litamkeni wenyewe. Pulkrityudi. Si kama ugonjwa wa kuku? Nitasimama vipi mbele ya mzee wa watu nimwambie binti yako ana hiyo? Nikaliruka.

Nikaja kwa meretricious. Nikaona "attractive" hapo mbele. Nikaona ndani ya neno lenyewe mumejificha merit, yani sifa, ustahiki. Mama mmoja mwenye beseni la samaki akanipiga kiwiko, tushafika, nikafunga simu. Mwanamke mzuri mwenye sifa zake, sasa nataka nini tena? Nikalirudia kutoka kivukoni mpaka dukani kama uradi.

Ijumaa baada ya Alasiri tukaingia Mji wa Kale, watu watano. Njiani ami yangu kanishika bega kanambia "Mwanangu, posa huzungumzwa na wazee. Wewe kazi yako ni kukaa. Ukiulizwa, sema naam." Nikasema naam. Mungu shahidi.

Tukakaribishwa, halwa hii hapa, dele la kahawa hili hapa, wanaume sebuleni na wanawake nyuma ya pazia pamoja na bibi yake yule dada, ambaye masikio yake ni mazito kidogo lakini sauti mashallah. Ami kazungumza vizuri mpaka mie mwenyewe nikatamani kujioza. Mambo yaenda. Halafu yule mzee, kwa upole kabisa, kanigeukia mie kaniuliza kwa Kiingereza, na wewe kijana, wasemaje kuhusu binti yangu?

Ami akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa ni "naam" lakini mie sikukisikia, nina maneno 400 kichwani yasukumana kama watu wa feri.

Nikasimama. (Hakuna aliyeniambia nisimame.) Nikasema "Sir, I am enervated to be in your house."

Mzee kaniangalia. Kaweka finjani chini. Kamwambia mjukuu wake mdogo, mletee maji huyu. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza maji ya nini. Mie nikayanywa yote, nikasema moyoni ukarimu huu wa Waswahili jamani, nikajifuta mdomo nikaendelea.

"And your daughter, Sir, is the most meretricious woman in Mombasa."

Hapa niacheni niende polepole kwa sababu hata mie wakati ule ulikwenda polepole. Finjani ya mzee ilikuwa ishanyanyuliwa tena, ikafika kidevuni, ikasimama. Tone moja la kahawa likateremka upande wa finjani, likaning'inia, likaanguka kwenye kanzu nyeupe. Hakuliangalia. Feni juu yapiga kwe, kwe, kwe. Mie nikajua nimempiga, ameduwaa, hakutegemea Kiingereza kama kile kutoka Likoni. Kaniambia nirudie. Nikarudia, na kwa sauti zaidi, ili hata nyuma ya pazia wapate. Kaniambia nitaje herufi. Herufi zote 12 nikazitaja na sikukosea hata moja, mwiteni mtu yeyote aliyekuweko aulizwe.

Mjukuu kaagizwa kabatini. Kaja na kamusi imefungwa kwa mfuko wa plastiki, mgongo umepigwa tepu. Mzee kavaa miwani. Kalamba kidole. Kafungua, karudi nyuma kurasa mbili, kashuka na kidole polepole. Kasoma kimya kwanza. Halafu, kwa ajili ya wazee, kafasiri: "Chenye kuvutia kwa juu, lakini ndani hakina thamani."

Ami: "Lahaula."

"Iko maana nyingine, ya zamani." Jamani yaache ya zamani. "Ya... ya kikahaba."

Sikujua sebule ya watu kumi na moja yaweza kunyamaza hivyo. Halwa iko mdomoni kwangu, sijui niitafune au niiache iyeyuke yenyewe. Na katika kimya kile, nyuma ya pazia:

"Asemaje? Huyo kijana asemaje?"

Hakuna aliyejibu.

"Nyie! Si nauliza, asemaje?"

Na huyu ndugu yetu, huyu mwenye voisi, hakuulizwa yeye, kajibu kwa sauti ya mnadani: "Bibi, yuasema mjukuu wako avutia kwa juu juu tu!"

"Basi si uongo!" bibi akasema. "Saa nzima kwenye kioo!"

Wanawake wakaangua kicheko kule ndani, nikahesabu sauti, na sauti moja haikucheka. Ile naijua.

Nikajaribu kujitetea, nikamwambia mzee nilikuwa naitafuta merit. Hapo, wallahi, uso ukamfunguka, ualimu ukamrudi mzimamzima. Kanambia mzizi ni mmoja kweli, ni Kilatini, merere, kuchuma au kustahiki. Merit yatoka huko, na meretrix ni mwanamke achumaye. Achuma kwa njia gani, ndilo hilo lililokuwa kwenye kamusi. "Kwa hivo mzizi umeupata," kanambia, "kazi ndiyo umekosea." Halafu, "na enervated ni mtu aliyeishiwa nguvu."

Nikamwambia hiyo sasa ni kweli.

"Neno ulilokuwa walitaka wewe ni pulchritude."

Ah.

Yaliyobaki hayana maana. Ami kaomba ruhusa, tukaambiwa jibu litaletwa, viatu nilivaa kinyume. Na wewe unayeandika ati nilitokea dirishani, dirisha lile lina vyuma, uliza kabla ya kuandika. Ami hasemi nami tangu juzi. Mama alicheka mpaka akalia, halafu akalia tu.

Yule dada mwenyewe simu alizima siku nzima. Jana usiku, saa nne kasoro, kaniletea ujumbe wa neno moja: obtuse. Nikafungua programu mikono yatetemeka. Maana ya kwanza ni pembe yenye zaidi ya digrii 90 na isiyofika 180, nikapumua, hesabu haina matusi. Nikataka kufunga simu. Halafu nikasema hapana, leo siko kwenye feri, nikashuka mpaka chini: mtu mzito wa kuelewa.

Basi. Ni mimi kabisa.